Mjenzi Aliyebomolewa na Kujengwa Tena

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zaburi 28, Zaburi 49, Danieli 1–5, Yeremia 27:4–8, Yeremia 40:1–4, Zaburi 92, Zaburi 145.

Fungu la Kukariri: Zaburi 28:5 (likariri kutoka katika Biblia yako).

Zaburi 28 ni ombi la mtu aliye hatarini. Daudi anamsihi Mungu asimnyamazie, wala asimhesabu pamoja na watu wanaozungumza amani na jirani zao huku mioyoni wakiwatakia mabaya. Watu hao wana makosa mengi. Lakini anapofika fungu la 5 na kueleza kwa nini hukumu itawapata, Daudi anataja jambo moja tu: hawakuzingatia mambo ambayo Bwana ametenda. Kwa sababu hiyo Mungu atawabomoa kama nyumba, na nyumba hiyo haitasimamishwa tena.

Msomaji anaweza kushangaa. Je, kutozingatia peke yake kunastahili hukumu kubwa namna hiyo? Katika Kiebrania, lugha aliyoitumia Daudi, neno la kufahamu na neno la kujenga yanakaribiana kwa sauti, nayo yamewekwa pamoja katika fungu hilo. Ni kana kwamba zaburi inatuambia kuwa asiyefahamu kazi za Mungu hana msingi wa kujengwa juu yake.

Juma hili tutafuatilia maisha ya mjenzi mkuu kuliko wote wa zama zake, Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliyetawala tangu 605 hadi 562 K.K. Ni wafalme wachache wa mataifa walioonyeshwa kazi za Mungu mara nyingi kama yeye. Ni wachache pia waliozisifu hadharani kama yeye. Hata hivyo, kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa watu wanaoelezwa katika Zaburi 28. Maisha yake yanatuonyesha tofauti iliyopo kati ya kuona kazi ya Mungu na kuizingatia. Yanatuonyesha pia kwamba Mungu anapobomoa, moyo wake hutamani kujenga.

JUMAPILI
Ushindi Uliotoka Kwingine

Mwaka 605 K.K. jeshi la Babeli lilipambana na jeshi la Farao Neko wa Misri huko Karkemishi, kando ya mto Frati. Aliyeliongoza jeshi la Babeli hakuwa mfalme, bali mwana wa mfalme, Nebukadreza. Baba yake, Nabopolasa, alikuwa amebaki nyumbani, naye alikuwa amefikia mwisho wa maisha yake. Wamisri walipigwa vibaya (Yer. 46:2). Kwa vita hivyo kimoja, nchi zote za Shamu pamoja na Yuda zikawa wazi mbele ya kijana huyo. Muda mfupi baadaye baba yake akafa. Nebukadreza akarudi Babeli kwa haraka, na katika majuma machache akawa ameketi katika kiti cha enzi. Habari hizi zimeandikwa pia katika kibao cha udongo cha Wababeli wenyewe, ambacho kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Soma Danieli 1:1, 2. Kulingana na mafungu haya, ni nani hasa aliyempa Nebukadreza ushindi juu ya Yuda? Yeye mwenyewe alidhani ni nani?

Danieli anaeleza jambo ambalo waandishi wa Babeli hawakuliandika. Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, hakuanguka kwa nguvu za Babeli tu. Bwana ndiye aliyemtia mkononi mwa Nebukadreza. Lakini mshindi huyo alivichukua baadhi ya vyombo vya hekalu la Yerusalemu na kuviweka katika nyumba ya mungu wake. Hiyo ilikuwa namna yake ya kutoa shukrani. Alishukuru, lakini hakumshukuru aliyempa.

Miaka kadhaa baadaye, wajumbe kutoka Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni walikuja Yerusalemu, na Mungu akampa Yeremia ujumbe wa kuwapelekea wafalme wao (Yer. 27:4–8). Mungu alijitambulisha kuwa Muumba wa dunia, wanadamu na wanyama, mwenye haki ya kumpa amtakaye. Kisha akasema kwamba nchi hizo zote amezitia mkononi mwa Nebukadreza, naye akamwita mtumishi wake. Hata wanyama wa porini alikuwa amempa wamtumikie. Jambo hili la wanyama linafaa kukumbukwa, kwa maana tutakutana nalo tena siku ya Jumatano.

Basi Nebukadreza alikuwa mtumishi asiyemjua bwana wake. Katika Yerusalemu alikuwako nabii aliyejua ushindi wa Karkemishi ulikuwa na maana gani, lakini katika jumba la kifalme la Babeli hapakuwa na aliyejua, mpaka vijana wachache wa Kiyahudi walipoletwa humo wakiwa mateka. Kwa Danieli na wenzake, safari ile ilikuwa msiba. Kwa mfalme, ilikuwa mlango wa kwanza wa wokovu, ingawa hakuutambua.

Fikiria mafanikio mawili au matatu ya maisha yako: masomo, kazi, ndoa, afya au biashara. Je, shukrani zako zimemfikia aliyekupa, au zimeishia mahali pengine?

JUMATATU
Sifa Zisizodumu

Katika mwaka wa pili wa utawala wake, Nebukadreza aliota ndoto iliyomnyima usingizi. Wenye hekima wa Babeli walishindwa kuieleza, naye akaamuru wauawe wote. Ndipo Danieli na wenzake watatu walipoomba usiku, na Mungu akamfunulia Danieli ile siri.

Soma Danieli 2:37, 38, 46–49. Danieli alimweleza mfalme nini kuhusu chanzo cha ufalme wake? Mfalme aliitikiaje?

Sanamu ile ilikuwa na kichwa cha dhahabu, kifua na mikono ya fedha, tumbo na viuno vya shaba, miguu ya chuma, na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo. Danieli hakumficha mfalme jambo lolote. Kichwa cha dhahabu kilikuwa yeye, lakini ufalme huo alikuwa amepewa na Mungu wa mbinguni, na baada yake ungetokea ufalme mwingine. Mwishoni jiwe lililochongwa pasipo mkono wa mwanadamu lingeivunja sanamu yote na kuijaza dunia.

Mfalme alianguka kifudifudi. Alimkiri Mungu wa Danieli kuwa mkuu juu ya miungu yote, akampa Danieli zawadi nyingi na cheo kikubwa. Kama ibada hiyo ingekuwa kanisani leo, wengi wangesema mfalme ameongoka. Lakini sura inayofuata inatupeleka kwenye uwanda wa Dura, ambako Nebukadreza alisimamisha sanamu yenye kimo cha mikono sitini. Katika ndoto, dhahabu ilikuwa kichwani tu. Katika uwanda wa Dura, sanamu yote ilikuwa ya dhahabu. Mfalme alikuwa ameipokea sehemu ya neno la Mungu iliyompendeza na kuibadilisha ile iliyombana. Alikubali kuwa kichwa cha dhahabu, lakini hakukubali kwamba fedha, shaba na chuma vingefuata.

Shadraka, Meshaki na Abednego walipokataa kuisujudia, walitupwa katika tanuru iliyochochewa mara saba kuliko kawaida. Kwa macho yake mwenyewe mfalme aliona watu wanne wakitembea ndani ya moto, na wa nne hakufanana na mwanadamu (Dan. 3:25). Mara ya pili alimsifu Mungu. Alitoa hata amri kwamba yeyote atakayemnenea Mungu huyo vibaya akatwe vipande vipande. Aliwalazimisha wengine wamheshimu Mungu ambaye yeye mwenyewe hakuwa amejisalimisha kwake.

Hapo tunaanza kuielewa Zaburi 28:5. Mtu anaweza kushuhudia muujiza, akaguswa na kutoa ushuhuda mzuri, kisha akarudi kuishi jinsi alivyoishi jana. Kuzingatia kazi ya Mungu si kushangilia tu. Ni kuiruhusu kazi hiyo itawale maamuzi yetu.

Je, kuna sehemu ya neno la Mungu ambayo umeipokea kwa furaha, huku sehemu nyingine ya neno hilohilo ukiiacha kwa sababu inakugusa mno?

JUMANNE
Jina Juu ya Kila Tofali

Mwaka 597 K.K. Nebukadreza aliuzingira Yerusalemu, akamchukua mfalme Yehoyakini pamoja na mafundi, wahunzi na mashujaa (2 Fal. 24:10–16). Baada ya Sedekia kuasi, majeshi ya Babeli yalirudi, na mwaka 586 K.K. mji ulichomwa moto pamoja na hekalu. Wana wa Sedekia waliuawa mbele ya baba yao, naye akang'olewa macho (2 Fal. 25:7). Zaburi 74 na 79 zinabeba kilio cha watu walioiona nyumba ya Mungu ikiteketea na kujiuliza kama Mungu ameshindwa.

Soma Yeremia 40:1–4. Nebuzaradani, amiri wa askari walinzi wa Nebukadreza, alisema ni nani aliyeleta maafa yale? Kwa nini inashangaza kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwake?

Nebuzaradani, mtu aliyeuchoma mji, alitambua kwamba Bwana alikuwa ametimiza neno alilolisema, na kwamba dhambi ya Yuda ndiyo iliyoleta msiba ule. Amiri aliifahamu kazi ya Mungu. Hata hivyo mfalme wake huko Babeli aliendelea kuhesabu mambo kwa namna nyingine.

Babeli ilikuwa hodari wa kuhesabu. Kati ya 1899 na 1917, Mjerumani Robert Koldewey aliongoza uchimbaji katika magofu ya mji huo. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vibao vya udongo vinavyoorodhesha mafuta yaliyotolewa kama posho kwa Yehoyakini, mfalme wa Yuda, na wanawe watano. Waandishi wa Nebukadreza waliandika hata mafuta ya mateka.

Vilipatikana pia vitu vikubwa zaidi. Kulikuwa na barabara ya maandamano yenye kuta zilizopambwa kwa simba, na lango la Ishtari lenye mafahali na majoka juu ya matofali ya buluu yenye kung'aa. Lango hilo lilijengwa upya katika jumba la makumbusho la Pergamon, Berlin. Na katika maelfu ya matofali ya udongo uliochomwa ulikuwamo mhuri wenye jina la mfalme, cheo chake, jina la baba yake, na sifa yake kama mtunzaji wa mahekalu ya miungu yake. Matofali mengi kati ya hayo yalijengewa ndani ya ukuta ambamo hakuna mtu ambaye angeyasoma. Bado yalipigwa mhuri.

Soma Zaburi 49:10–13. Zaburi hii inawaelezaje watu wanaotaka majina yao yadumu kwa njia ya mali na ardhi?

Wana wa Kora waliona jambo hilo kabla ya wachimbaji wa magofu. Mtu huziita ardhi kwa jina lake akidhani nyumba zake zitadumu milele, lakini kaburi linakuwa makao yake. Katika Zaburi 28, Daudi anataja kazi ya mikono ya wanadamu katika fungu la 4, na kazi ya mikono ya Mungu katika fungu la 5. Mtu akiitazama mno kazi ya mikono yake, kazi ya mikono ya Mungu hutoweka machoni pake, hata kama imemzunguka pande zote.

Katika familia, kanisa au kazi yako, ni wapi unapotamani zaidi jina lako lionekane? Utajuaje kwamba tamaa hiyo imeanza kuyafunika macho yako?

JUMATANO
Miezi Kumi na Miwili

Mungu hakuwa amemwacha mjenzi huyo. Nebukadreza alipokuwa amestarehe katika nyumba yake, aliota ndoto nyingine. Aliona mti mrefu uliofika mbinguni. Ndege walikaa katika matawi yake, na wanyama walipata kivuli chini yake. Kisha mlinzi mtakatifu akashuka kutoka mbinguni na kuamuru ukatwe, lakini kisiki chake kiachwe ardhini.

Soma Danieli 4:19–27. Danieli alijisikiaje alipoielewa ndoto hiyo? Alimshauri mfalme afanye nini?

Tusipite hapa kwa haraka. Danieli alikuwa mateka. Mji wake ulikuwa umechomwa kwa amri ya mtu huyu. Mateka wengine kando ya mito ya Babeli walitamani siku ya kisasi, na Zaburi 137 haifichi uchungu wao. Sasa Danieli alikuwa ameonyeshwa kwamba mtesi wa watu wake ataondolewa katika kiti cha enzi, atapoteza akili na kula majani kama ng'ombe. Angeweza kufurahi. Badala yake alifadhaika kwa muda, akatamani ndoto hiyo iwapate adui za mfalme. Kisha akamsihi aachane na dhambi zake kwa kutenda haki, na awahurumie maskini, ili pengine raha yake iendelee.

Ushauri huo unatufunulia mambo mawili. Kwanza, kutozingatia kazi za Mungu kulikuwa kumezaa matunda. Babeli ilijengwa kwa mikono ya watu waliohamishwa kutoka nchi zao, na maskini ndio waliolemewa na mzigo wa fahari ile. Mtu asiyemwona Mungu juu yake hatimaye hamwoni jirani yake chini yake. Pili, hukumu ilikuwa na mlango. Kisiki kiliachwa kwa makusudi, na muda ukatolewa.

Muda huo ulikuwa miezi kumi na miwili. Danieli 4:29 linautaja bila maelezo, lakini ni mwaka mzima wa uvumilivu wa Mungu. Katika siku hizo zote mfalme angeweza kuwapunguzia maskini mzigo na kumtafuta Mungu wa Danieli. Maandiko hayasemi kwamba alifanya lolote. Mwisho wa mwaka alikuwa akitembea juu ya jumba lake la kifalme, akautazama mji na kujisemea kwamba yeye ndiye aliyeujenga, kwa uwezo wake, kwa utukufu wake. Hakuwa amemaliza kusema sauti ilipotoka mbinguni. Saa ile ile neno likatimizwa.

Soma Zaburi 49:20. Fungu hili linasaidiaje kuelewa aina ya hukumu iliyompata Nebukadreza?

Mwanadamu mwenye heshima lakini asiye na ufahamu, zaburi inasema, anafanana na mnyama. Mungu alimpa Nebukadreza wanyama wa porini wamtumikie, naye akaishia kulala pamoja nao chini ya umande. Nywele zake zikawa kama manyoya ya tai na kucha zake kama za ndege. Hukumu haikumletea kitu kigeni. Iliweka wazi kwa nje hali aliyokuwa nayo kwa ndani.

Je, kuna mtu aliyekuumiza ambaye ungefurahi kuona hukumu ikimpata? Danieli anakufundisha nini juu ya jinsi ya kumwombea na kuzungumza naye?

ALHAMISI
Alipoinua Macho

Nyakati saba zilipita, yaani miaka saba. Mtu aliyekuwa akihesabu kila tofali hakuweza kuhesabu siku. Kisha, asema Nebukadreza mwenyewe, mwisho wa siku hizo aliinua macho yake kuelekea mbinguni, na ufahamu wake ukamrudia.

Soma Danieli 4:34–37. Ni nini kilichotangulia: kurudishiwa kiti cha enzi, au kuinua macho mbinguni? Kwa nini mpangilio huo ni muhimu?

Juu ya jumba la kifalme mfalme alitazama chini, akaona Babeli. Kondeni alitazama juu, akamwona Aliye Juu. Hakuna jengo lililoongezwa, wala vita vilivyoshindwa. Kilichobadilika ni upande aliouelekeza uso wake. Hapo ndipo akili, heshima na ufalme wake viliporudi, na washauri wake wakamtafuta.

Linganisha Danieli 4:3, 34 na Zaburi 145:13. Unaona kufanana gani?

Mpagani huyu, aliyelichoma hekalu ambamo zaburi ziliimbwa, alimaliza safari yake akisema lugha ya zaburi. Alikiri kwamba ufalme wa Mungu ni wa milele na mamlaka yake hudumu kizazi hata kizazi. Huenda alijifunza kwa Danieli, ambaye alikuwa ameketi langoni pake kwa miaka mingi. Tena hakulificha tukio hilo la aibu. Danieli 4 ni waraka wa mfalme kwa watu wa kabila zote na lugha zote, akieleza jinsi alivyofedheheka na jinsi Mungu alivyomtendea. Mwanzoni mwa waraka huo anasema ameona vema kuzitangaza ishara na maajabu ambayo Mungu amemfanyia (Dan. 4:2). Mtu ambaye hakuzizingatia kazi za Mungu akawa mtangazaji wake.

Tena, sifa hii ya mwisho ilitofautiana na zile za kwanza. Katika sura ya 2 alimsifu Mungu wa Danieli. Katika sura ya 3 alimsifu Mungu wa Shadraka, Meshaki na Abednego. Katika sura ya 4 anamsifu Mungu aliyemshughulikia yeye mwenyewe, wala hamtishi mtu yeyote kwa upanga. Anakiri kwamba wale waendao kwa kiburi Mungu aweza kuwashusha, naye anajua hivyo kwa sababu ameshushwa.

Zaburi 28:5 inazungumza juu ya watu wanaobomolewa wasijengwe tena. Nebukadreza alibomolewa, lakini akajengwa. Zaburi haikukosea. Tishio lake ni kwa wale wanaokataa kutazama hadi mwisho. Mara mfalme alipotazama, ujenzi ulianza.

Je, kuna wakati Mungu alikubomolea mipango, na baadaye ukaona alikuwa akikujenga? Ungemsaidiaje mtu ambaye bado yuko kondeni na haoni ujenzi wowote?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Nebukadreza alikufa mwaka 562 K.K., baada ya kutawala miaka 43. Mwanawe, Evil-merodaki, alimtoa Yehoyakini gerezani na kumketisha mezani pake (2 Fal. 25:27–30). Miaka ishirini na mitatu baada ya kifo cha Nebukadreza, Belshaza alifanya karamu kubwa na kuagiza viletwe vile vyombo vya hekalu, ili anywe divai kwavyo. Danieli, ambaye sasa alikuwa mzee, alimsimulia habari za Nebukadreza: kiburi chake, kuanguka kwake na kuinuliwa kwake. Kisha akamwambia kwamba alikuwa ameyajua hayo yote, na bado hakujinyenyekeza (Dan. 5:18–23). Hakupewa miezi kumi na miwili. Usiku ule ule aliuawa, na Babeli ikachukuliwa na Wamedi na Waajemi, mwaka 539 K.K. Isaya 5:11–13 ilikuwa imeonya mapema juu ya karamu zenye divai na vinubi ambamo kazi ya Bwana haiangaliwi.

Wafalme hawa wawili wanasaidia kuelewa hukumu ya Mungu katika Zaburi. Mmoja alionyeshwa kazi za Mungu katika giza la upagani, akachelewa, lakini akatazama. Mwingine alirithi ushuhuda uliokamilika, ukiwa umeandikwa na mkuu wa nasaba yake, akaupuuza. Wajibu wetu unafanana zaidi na wa Belshaza, kwa maana sisi pia tumerithi ushuhuda mwingi.

Ellen G. White, katika kitabu Manabii na Wafalme, anakieleza kisa cha Nebukadreza kama kazi ya rehema iliyomfikisha mfalme kwenye uongofu wa kweli. Soma sura zinazohusu mfalme huyo na anguko la Babeli.

Leo Babeli ni magofu, kusini mwa Baghdad. Kwa karne nyingi matofali yake yalichukuliwa kujengea nyumba za watu wa kawaida. Katika miaka ya 1980 Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, alijenga upya sehemu ya kuta zake na kuagiza jina lake liandikwe katika matofali, kama Nebukadreza alivyofanya. Mwaka 2003 naye aliondolewa madarakani. Waraka wa Danieli 4, ambao haukuandikwa juu ya tofali la ukuta wowote, ungali unasomwa.

Mungu ametupatia njia ya kutusaidia tusiingie katika hatari hiyo. Zaburi 92 ni wimbo wa siku ya Sabato. Mwimbaji anashangilia kazi za mikono ya Mungu, kisha anasema kwamba mtu mjinga hazitambui (Zab. 92:4–6). Kila juma, kabla mtu hajapanda juu ya jumba lake na kujisifia mji wake, Sabato inamwita aache kazi ya mikono yake na ainue macho. Kuitunza siku hiyo huku mawazo yakiwa bado kwenye matofali yetu ni kukosa ambacho Mungu alikusudia kutupatia.

Zaburi 28 haiishii kwenye hukumu. Inamalizika kwa Daudi kumwomba Mungu awaokoe watu wake, awachunge na kuwachukua milele. Mungu anayebomoa ndiye Mchungaji huyo huyo.

Maswali ya Kujadili:

1. Nebukadreza alimsifu Mungu hadharani mara mbili kabla ya kuongoka. Je, shuhuda zetu kanisani zinaweza kufanana na sifa hizo? Kundi lenu linawezaje kusaidiana ili sifa zizae utii?

2. Danieli aliunganisha kumrudia Mungu na kuwahurumia maskini (Dan. 4:27). Kwa nini kutozingatia kazi za Mungu huathiri jinsi tunavyowatendea wafanyakazi, wageni na wahitaji?

3. Ni kazi gani za Mungu katika historia ya familia zenu au kanisa lenu ambazo vijana hawazijui? Mtafanya nini ili wasiwe kama Belshaza, aliyejua lakini hakuzingatia, au kama wale ambao hawakusimuliwa kabisa?

4. Jadilini jinsi mnavyoweza kuitumia Sabato ijayo, nyumbani na kanisani, kwa kuzitazama kazi za Mungu kwa makusudi. Kila mmoja ataje jambo moja atakalofanya.